Kabla Hakijaingia Pipani

Mbukwenyi wasomaji. Kwa mnaonisoma mara ya kwanza: nina kibanda nyuma ya Soko la Sabasaba hapa Dodoma, na kazi yangu ni kusuka mota na kufufua drili, grenda na mashine za kuchomelea. Meza niliachiwa na marehemu mume wangu, pamoja na pipa la bluu lililo pembeni ya mlango. Humo natupa vifaa vilivyoshindikana. Mtu akiniuliza anunue nini, huwa nachungulia pipani kwanza, ndipo namjibu. Barua za mwezi huu ni nyingi na baadhi ni ndefu mno, kwa hiyo nimezikata. Msinune.

*Shikamoo mama. Nimemaliza useremala VETA mwaka huu. Baba ameuza mbuzi, nina laki nne za kuanzia. Kuna duka linauza sanduku la vifaa vya betri, vipande 128, kwa laki mbili na themanini. Rafiki yangu anasema nikilichukua nimemaliza kila kitu. Nilichukue?* – Seremala mpya, Ipagala

Marahaba mwanangu, na mpe baba salamu zangu, mbuzi siku hizi hauzwi kirahisi.

Sanduku la namna hiyo nililetewa hapa mezani mwaka jana. Drili yake ilikuwa imeungua, na kwa kuwa mteja alichelewa kurudi nikakaa nikahesabu hivyo vipande 128. Skrubu 40. Plagi za plastiki za ukutani 40. Vichwa vya bisibisi 24. Keekee za kutobolea 13, nyembamba kama njiti. Hapo tayari ni 117. Vilivyobaki: drili, betri, chaja, nyundo, plaizi, bisibisi, futi, kisu, pima maji, na ile spana ya kufungulia nati za saizi zote ambayo nyie mafundi mmeipa jina nisiloweza kuliandika gazetini. Ukijumlisha unapata 127. Cha 128 ni sanduku lenyewe.

Humo hamna msumeno, hamna randa, hamna patasi wala skwea ya kupimia kona. Sasa hiyo ni seti ya seremala au ya mtu anayetundika picha sebuleni?

Fanya hivi. Tenga kama laki mbili na nusu kwa vifaa vya mkono, nunua kimoja kimoja, na kila kimoja ukijaribie palepale kaunta. Muuzaji akikasirika, ondoka, Dodoma ina maduka ya vifaa kila mtaa. Pima maji: ilaze juu ya kaunta, tazama kipovu kimesimama wapi, kisha igeuze, kichwa kiende mkiani, mahali palepale. Kipovu lazima kirudi kusimama upande uleule wa kaunta, hata kama kaunta yenyewe imeinama. Kikihamia upande wa pili, hiyo ni rula ya bei ghali. Skwea: omba kipande cha plaiwudi chenye ukingo ulionyooka, piga mstari wa penseli, igeuze upande wa pili, piga mstari mwingine juu ya ule wa kwanza. Mistari ikiachana huko mwisho, milango yako yote itaachana hivyohivyo. Futi: ile ndoano ya mbele ikichezacheza kidogo usiirudishe, imetengenezwa icheze kwa kiasi cha unene wake, ili kipimo kiwe sawa ukisukuma ndani au ukivuta nje. Wengi wanaigongelea riveti ikaze, halafu wanashangaa kila fremu ina upungufu wa milimita moja.

Msumeno uukunje kama upinde, ukiuachia unyooke wenyewe. Tazama na meno. Yenye ncha zilizoungua rangi ya bluu-nyeusi yamekazwa kwa moto, yanakata vizuri na kwa muda mrefu, lakini tupa ya kunolea haiyashiki. Yakiisha makali, msumeno umeisha. Kwa mbao laini si mbaya. Kwa mninga ningenunua ule wa meno meupe unaonoleka, na ningejifunza kunoa.

Patasi tatu zinakutosha: nusu inchi, robo tatu, inchi moja. Usidharau zile zinazofuliwa na wahunzi wetu kutokana na springi za gari. Chuma cha springi ni kizuri. Kazi ni kumpata mhunzi anayejua kukipoza. Ukishainunua usiinolee kwenye grenda mpaka ncha igeuke bluu, maana hapo ugumu umeshaondoka na utanoa kila siku. Tumia jiwe na maji, taratibu.

Drili nunua ya waya, ya kugonga, laki moja au pungufu kidogo. Sababu yangu utaiona kwenye barua ya betri huko chini. Siku ukipata kazi ya kufunga fremu kwenye lenta za zege nyumba nzima, usiiue drili yako kwa ubishi. Kodi mashine kubwa ya kutobolea zege kwa siku moja, na hiyo kodi iweke kwenye bei ya mteja. Pesa itakayobaki usiiguse. Utahitaji gundi, msasa na nauli ya mbao kabla hujalipwa hata shilingi.

*Habari za kazi dada. Mimi ni fundi wa mageti na madirisha. Ndani ya mwaka mmoja nimeunguza inveta mbili za kuchomelea, zote zimeandikwa ampea 300. Sasa nataka kuchukua ya 400 ili isizidiwe. Umeme navuta kutoka kwa jirani, kama mita hamsini. Unanishauri vipi?* – Mchomeleaji, Nkuhungu

Nzuri kaka. Kabla hujaongeza hiyo mia, tupige hesabu pamoja, si ngumu.

Mashine zako zilikuja na plagi ya kawaida ya pini tatu, si ndiyo? Ndani ya plagi ile kuna fyuzi ya ampea 13. Umeme wetu ni volti 230. Zidisha: wati 2,990, tuseme kilowati tatu. Huo ndio umeme wote unaoweza kupita hapo. Moto wa kuchomelea wa ampea 300 unahitaji kama volti 32, yaani wati 9,600. Nani kaleta hizo 6,600 zilizozidi? Aliyeandika kibandiko. Mashine ya plagi ile, ukitoa na joto linalopotea njiani, ni ya ampea mia hivi, iwe imeandikwa 200, 300 au 400.

Habari njema ni kwamba mia zinakutosha. Kijiti cha milimita 2.5 kinataka ampea 70 hadi 90, na kwa bomba za mraba za mageti unayotengeneza ndicho kijiti chako. Kwa hiyo usinunue namba kubwa. Geuza mashine, soma kibandiko cha nyuma. Mashine ya watu wakweli inaandika inakula ampea ngapi inapoingiza umeme, na inaandika asilimia ya muda wa kazi. Sitini maana yake katika kila dakika kumi inachoma sita na kupumzika nne. Ishirini maana yake inachoma mbili. Kama hakuna kitu zaidi ya namba kubwa nyekundu mbele na picha ya radi, hiyo ni ya kwenda pipani kwangu. Ukipata kazi za vyuma vinene, za kijiti cha 3.2, mwite fundi umeme akuvutie laini yake pekee kutoka kwenye sakiti breka, achana na plagi.

Sasa niseme kilichoua zile mbili, maana nadhani haikuwa kuzidiwa. Kwanza hiyo mita hamsini. Waya wa milimita moja na nusu kwa umbali huo, ukivuta ampea 13, unapoteza kama volti 16 njiani. Ule mwembamba wa robo tatu unaouzwa umeshazungushwa kwenye kigurudumu unapoteza 30 na zaidi, kwa hiyo mashine inapokea 200 badala ya 230, na kama umeuacha umejiviringisha unajipika wenyewe. Nunua waya wa 2.5 halisi, na ukate ncha yake uone. Shaba ni nyekundu mpaka katikati. Ikiwa nyeupe ndani ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba.

Pili, na hapa ndipo penye makaburi mengi: unasagia wapi? Wachomeleaji tisa kati ya kumi ninaowatembelea wanaweka inveta chini, na grenda inarusha cheche kuelekea hukohuko. Ile feni ya inveta inavuta hewa, na vumbi la chuma linaingia ndani na kulala juu ya bodi. Vumbi la chuma linapitisha umeme. Hapa kwetu, upepo unavyovuma kiangazi, mashine inaweza kujaa ndani ya wiki chache. Iweke juu ya kiti, mita tatu mbali, upande upepo unakotoka. Kila mwezi ichomoe, isubiri dakika kumi, kisha mpe fundi anayejua aifungue na kuipuliza. Hizo dakika kumi si mbwembwe: ndani kuna kapasita, vile vitunza umeme, zinazobaki na volti zaidi ya 300 hata waya ukiwa mkononi mwako.

*Mama, kuna jamaa ameshusha vifaa vya mtumba kutoka Uingereza. Grenda kubwa na mashine za kutoboa, chuma kitupu, bei nusu ya mpya. Zina plagi ya njano ya duara. Amesema nikate tu plagi niweke ya kwetu. Ni kweli?* – Mwashi, Kibaigwa

Usikate! Ile njano inakuambia kitu. Kwenye maeneo ya ujenzi Uingereza wanatumia vifaa vya volti 110 kwa ajili ya usalama, na njano ndiyo rangi yake. Ukikata ukachomeka kwenye 230 ya TANESCO utasikia mlio mmoja mzuri wa nguvu, kama sekunde mbili, halafu moshi. Nina tatu za namna hiyo pipani, na zote zilikuwa vifaa bora kuliko chochote ninachokiona madukani. Inauma.

Lakini usiikimbie hiyo bei. Vifaa vile vinahitaji transfoma ya kushusha 230 kuja 110, na hizo transfoma, za njano vilevile, nazo huja kwenye mtumba. Nzito kama gunia la mahindi nusu. Kwa grenda moja haina maana, ila wanakuja kwangu waashi wanne waliochanga wakanunua transfoma moja ya kilovolti-ampea tatu, wakajaza vifaa vya njano, na site nzima wanaendesha hapo. Mpaka leo nawabadilishia kaboni tu, yale makaa madogo yanayopeleka umeme kwenye mota inayozunguka. Sharti wasiwashe vyote kwa wakati mmoja, kwa sababu transfoma nyingi za aina ile hazikutengenezwa kubeba mzigo mkubwa kutwa nzima.

Kuniletea niisuke grenda ya 110 iwe ya 230? Naweza, lakini gharama ya amecha na fildi, yaani koili za mota zinazozunguka na zile zilizotulia, itakukatisha tamaa. Na kwa kuwa umeniuliza ya Uingereza, ongeza hii: ya Marekani ni 120, ya Japani ni 100. Soma kibao kabla ya kusoma bei. Kwenye drili na grenda za kaboni usihangaike na hezi 50 au 60, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, haziathiri. Kwenye mashine ya meza yenye mota isiyo na kaboni, hezi zina maneno.

*Mimi si fundi, ni mkulima wa zabibu. Kila msimu wa kupogoa nanunua mikasi mitano, sita, inalegea. Naomba msaada.* – Hombolo

Na wewe ni fundi, shida yako ni mkasi tu. Zabibu ya kwetu inavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mkasi wako unafanya kazi mara mbili ya wa wenzako wa nchi za baridi. Chukua wenye boliti ya kukaza katikati, si riveti, na wenye wembe unaotoka. Uliza kama springi yake inauzwa peke yake. Kama springi haiuzwi, huo mkasi umekodi, hujanunua. Jioni futa utomvu, tia tone la mafuta. Matawi mazito kuliko kidole gumba tumia msumeno mdogo wa kupogolea, ndiyo yanayolegeza mikasi yako.

*Shikamoo. Mimi ni fundi wa paa, na huko site mpya nyingi za pembeni ya mji umeme haujafika, kwa hiyo lazima nitumie betri. Dukani naona 18, 20, 21, 48 na moja imeandikwa 88. Muuzaji anasema 88 ndiyo yenye nguvu. Bei zao zinapishana kidogo tu.* – Fundi wa paa, Mtumba

Marahaba. Hiyo 88 ni jina tu, kama mtu kumwita mwanawe Milioni.

Fungua betri yoyote kati ya hizo (mimi nimefungua nyingi) utakuta seli za duara zilizofungwa tano tano. Kila seli ni volti 3.6. Mara tano ni 18. Ikijaa kabisa seli inafika 4.2, mara tano ni 21. Kwa hiyo 18, 20 na 21 ni kitu kilekile, kimepimwa kwa nyakati tofauti. Na ile niliyoifungua yenye maandishi ya 88 ilikuwa na seli tano kama dada zake.

Unachotakiwa kutafuta ni ampea-saa, yaani ukubwa wa tangi, na hapo ndipo uongo unapozidi. Ila uongo huo una mizani yake, na mizani iko palepale dukani: ile ya kupimia misumari. Seli moja ya kawaida ina gramu 45 hadi 48. Betri ya 18 yenye ampea-saa nne na zaidi kwa kawaida ina seli kumi, yaani karibu nusu kilo kabla ya plastiki. Iweke kwenye mizani. Ikisoma gramu 350 na imeandikwa ampea-saa sita, mrudishie kwa adabu.

Kitu kingine, chagua ukoo mmoja wa betri na ukae humo. Betri ya kampuni moja haiingii kwenye drili ya nyingine, na mafundi wengi wanamaliza pesa kwa kuwa na chaja nne za aina nne. Kabla ya kununua drili ya kwanza, uliza: ukoo huu una msumeno? Una grenda? Na betri peke yake inauzwa hapa Dodoma, au mpaka Kariakoo? Mimi ningelipa zaidi kwa ukoo ambao betri yake naipata nikiwa na ndala miguuni. Na mota ikiwa ni ile isiyo na kaboni ni bora kwa betri, inakula kidogo, japo ikiharibika mimi siwezi kukusaidia kitu, ni bodi nzima.

Halafu wewe wa paa nakujua. Betri unaiacha juu ya bati saa saba mchana. Seli zinachukia joto kuliko kitu chochote. Iweke kivulini kwenye ndoo, na ikitoka kazini ya moto usiichaji mpaka ipoe. Seremala wa Ipagala, umeona sasa? Wewe unafanya kazi chini ya paa lenye umeme. Drili ya waya haina tangi la kuzeeka.

*Dada, nimeona drili ya rangi na maandishi ya Makita kwa elfu 65. Duka jingine ileile ni mara nne. Nitajuaje ya kweli?* – Fundi umeme, Chang'ombe

Umeshajua, kaka, ndiyo maana umeandika. Hakuna muuzaji anayepoteza robo tatu ya bei kwa kukupenda.

Lakini nisikucheke, maana nami nililiwa. Mwaka wa pili baada ya kuachiwa meza, nilipanda basi mpaka Dar nikanunua amecha kumi za grenda katika duka moja, zimefungwa kwenye maboksi mazuri, nikaambiwa orijino. Nilizifunga zote kwa wateja wangu. Saba zilirudi ndani ya mwezi. Nilipasua moja nikaikwangua waya kwa wembe: chini ya wekundu, weupe. Alumini. Nilirudisha pesa za wateja wote saba kutoka mfukoni, na ada ya mtoto ikachelewa. Tangu siku hiyo wembe hautoki kwenye kanga yangu.

Drili huwezi kuikwangua dukani, ila una masikio na pua. Iwashe. Sauti iwe ya aina moja, isiwe na mchanga ndani yake. Chungulia kwenye matundu ya hewa: cheche ndogo za bluu kwenye kaboni ni sawa, duara zima la moto si sawa. Ikinuka kama plastiki kabla hujatoboa, usiingojee inuke zaidi. Funga keekee ndefu iliyonyooka uone kama ncha inachora duara hewani. Namba ya kifaa iliyo kwenye mwili ifanane na ya kwenye boksi. Shika waya wake, uwe mnene na laini wa mpira, si mgumu wa plastiki unaobaki na mikunjo. Na uzito: chuma na shaba vina uzito, hewa haina.

Dai risiti ya EFD, na namba ya kifaa iandikwe juu yake. Garantii ya mdomo inaisha muuzaji akibadilisha zamu. Ukishanunua feki na risiti ikawepo, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia, unaweza kupeleka malalamiko.

Rangi nayo inasema jambo, hata kwenye vifaa vya kweli. Bosch ya bluu imetengenezwa kwa mafundi, ya kijani kwa mtu anayetoboa nyumbani kwake mara moja moja. Zote halali, ila ya kijani ukiipeleka site kutwa nzima utakuwa umeionea. Na usidhani kila cha China ni takataka. Ingco na Total ninazifungua kila wiki, na kinachonifurahisha ni kwamba kaboni, swichi na beringi zake nazipata hapahapa mjini. Kifaa cha bei ya kati chenye spea jirani kinanikonga roho kuliko cha kifahari kinachosubiri spea mwezi mzima.

Kwenye daftari langu kuna mchomeleaji mmoja aliyenunua grenda ya elfu 55, ikafa baada ya siku kama mia za kazi. Shilingi 550 kwa siku. Akachukua ya laki moja na themanini. Ina mwaka wa tatu, siku mia tisa hivi, shilingi 200 kwa siku, na nimembadilishia kaboni mara tano kwa elfu tatu tatu. Lakini ana tabia moja: kila Jumamosi anapita kwa fundi matairi, anampa mia tano, anapuliziwa grenda kwa kompresa. Vumbi letu hili, ukichanganya na la saruji na jipsamu, linatafuna beringi kama panya. Ile ya elfu 55 nayo angeipuliza, labda tungekuwa na hesabu nyingine. Sitaki kumpa sifa zote mtengenezaji.

*Mama, mimi nina mbinu ya kubana matumizi, labda uwashirikishe wenzangu. Kwenye grenda yangu ndogo ya inchi nne na nusu nimetoa kinga, nafunga diski ya inchi saba. Tundu linaingia vizuri. Inakata ndani zaidi na inakaa muda mrefu.* – Mchapa kazi, Kizota

Sitawashirikisha, nitawatahadharisha.

Tundu kuingia si ruhusa. Grenda yako ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Chukua hiyo diski ya inchi saba, soma maandishi madogo: kikomo chake ni kama 8,500. Ukiifunga hapo, ukingo wake unakimbia kilomita 370 kwa saa, wakati imetengenezwa isizidi 290 hivi. Treni yetu ya SGR ikikimbia sana ni 160. Ikipasuka, kipande kinakuja kwa mwendo huo, na wewe umeshatoa kitu pekee kilichokuwa katikati yake na uso wako. Mwenzako mmoja alikuja kibandani na grenda ya namna hiyo, akaniomba niangalie kwa nini inatetemeka. Aliiweka mezani kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko.

Kama unataka kina, nunua au kodi grenda kubwa. Kama unataka diski zidumu, acha kuzilazimisha, na unaponunua tazama ile pete ya chuma katikati: diski nyingi zimepigwa mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika. Zilizopitwa ndizo zinazouzwa kwa fungu kwa bei ya kutupa. Gundi inayoshika chembe zake inazeeka, na unyevu unaiharibu zaidi.

Kinga za inchi nne na nusu ninazo tatu kwenye pipa, zimetoka kwenye grenda marehemu. Njoo na grenda yako Jumamosi kabla ya saa sita, nikufungie moja. Sitakutoza.